Mke Mwenza Chini ya Dashibodi

"Usikichomeke popote," alisema Inspekta kabla hata hajaketi. "Kwanza nataka nijue ni kitu gani."

Mama Risasi akamkata jicho. "Afande, mimi nimeanza kuchomeka na kuchomoa tangu wewe una nywele. Hebu lete."

Inspekta akafungua bahasha ya ushahidi, akatoa kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani na kukilaza juu ya meza ya kazi, katikati ya mita, vioo vya kukuzia na vipande vya waya. Kisanduku kilikuwa kimechubuka upande mmoja. Nyaya zake zilikuwa zimekatwa kwa pupa, kama na mtu aliyekuwa akikimbizana na mvua.

Kilitoka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Huyo alikuwa ameletewa kichwa cha lori, akaanza kukikata vipande kama anavyokata vyote, mpaka alipofungua mlango wa dereva akakuta picha ya watoto pacha imebandikwa kwa gundi upande wa ndani. Watu hawauzi chuma chenye picha ya watoto wao, alisema alipopiga simu polisi. Namba za fremu zilikuwa zimesagwa zote, lakini chini ya dashibodi, nyuma ya fyuzi, aliyesaga alisahau kisanduku hiki. Ndicho kilichokuwa kikiwapa wenye lori habari ya kila lilikopita.

Lori lilikuwa limepotea kwa miezi minane. Lilitoka bohari ya kampuni jioni moja likiwa na shehena ya nyaya za shaba, na tangu hapo halikuonekana, wala mzigo, wala dereva. Dereva mwenyewe wenzake walimwita Kiberenge, kwa jinsi alivyokwenda mwendo ule ule mlimani na bondeni, bila papara. Kampuni ilisema kaiba mzigo kavuka mpaka, na huko ng'ambo ana mke mwingine. Kituoni wakaafiki, jalada likafungwa, likaanza kula vumbi hadi picha ya pacha ilipoliamsha na kulitua mezani kwa mpelelezi ambaye neno "taratibu" lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu. Ndiyo maana wenzake wakamwita Inspekta Taratibu, na yeye akaacha liwe jina.

"Meneja wa magari wa kampuni hiyo amenipigia mara tatu tangu jana," Inspekta alisema. "Anataka kisanduku kipelekwe kwao. Ati fundi wao atakiwekea programu mpya, kitaamka, tutasoma kila kitu kabla ya chakula cha mchana."

"Programu mpya?" Mama Risasi aliinua nyusi. "Basi huyo ama mjinga ama mjanja. Vifaa hivi, programu mpya ikishakubali, jambo la kwanza inafuta kumbukumbu yote ya zamani ipate pa kukaa. Mngebaki na kisanduku kizima, safi, kisichojua lolote."

"Nilihisi hivyo."

"Ulihisi nini? Wewe hata simu yako hujui kuizima."

Mama Risasi alikuwa mwalimu wa elektroniki chuo cha ufundi asubuhi, na mchana alifungua karakana yake hii, vyumba viwili nyuma ya duka la taa. Vidole vyake vilijaa alama za kuungua kwa risasi, ile ya kuunganishia nyaya, na polisi walipenda kutania kwamba ndiye mwanamke pekee anayeingia kituoni na risasi mkobani bila kuwekwa ndani. Alifungua skrubu, akalitenga kasha, akainamia bodi iliyokuwamo. Lebo ya nje ilitaja aina moja. Ndani mambo yalikuwa mengine.

"Maandishi ya juu ya chipu yamekwanguliwa," alisema. "Si wezi wako hao, ni kiwandani. Wanatengeneza bodi moja, wanaivisha makasha kumi, kila kasha na jina lake. Hawataki tujue kwamba wote ni mtu na ndugu yake." Akahesabu miguu ya chipu kubwa kwa ncha ya sindano, akafuata mistari ya shaba mpaka kwenye antena. "Haa! Nimekujua. Hii ndiyo ile inayofungwa kwenye mabasi. Volti tano, inaamka."

Akavuta kifaa cha kutolea umeme, akazungusha kitufe mpaka tano.

"Una hakika?" Inspekta aliuliza.

"Asilimia mia."

"Ya kuapia mbele ya hakimu?"

Mkono wa Mama Risasi ulisita. Akasonya, akarudisha kitufe sifuri, akachukua kioo cha kukuzia. Safari hii aliinua betri ndogo iliyogandishwa juu ya bodi, kwa kisu, polepole, na chini yake zikaonekana herufi mbili na tarakimu kadhaa zilizochapwa kwa wino mweupe. Alizitazama kwa muda. Kisha akafungua picha za bodi za zamani kwenye kompyuta yake, akashuka, akapanda, akashuka. Akapima kwa mita njia ya umeme kutoka mguu hadi mguu.

"Si ya mabasi," alisema hatimaye, sauti imepungua. "Ni binamu yake. Zinafanana sura, lakini hii inakula volti tatu na kidogo tu. Ningeipa tano..." Akatikisa kichwa. "Ingetoa moshi, na moshi ndio ungekuwa ushahidi wako. Usimwambie mtu, Afande."

"Sikuona kitu."

Tangu hapo alifanya kazi bila mzaha. Hakukiwasha kisanduku kabisa. Aliibana chipu ya kumbukumbu kwa kibanio chenye nyaya nane, akaipa umeme yenyewe peke yake, akanakili kila kilichokuwamo. Akanakili tena mara ya pili, kisha akailinganisha nakala na nakala mpaka kompyuta ikakiri kwamba hazitofautiani hata kwa nukta. Ndipo akavuta pumzi.

"Sasa hata nyumba ikiungua, tunacho. Ila sikiliza. Humu ndani kuna programu mbili. Moja ni ile ya kiwandani, ya akiba, ya zamani sana. Ya pili imekaa mahali pa programu kuu, lakini si ya kifaa hiki. Ni ya yule wa mabasi."

"Kosa kama lile ulilotaka kulifanya wewe."

"Asante kwa kunikumbusha. Ndiyo. Kuna mtu alikipelekea kisanduku programu isiyo yake, kwa meseji, hewani, lori likiwa barabarani. Kisanduku kikajaribu kuivaa, ikakibana, ikakataa. Basi kikarudi kwenye ile ya akiba. Na kwa kuwa mpya haikukubali, kumbukumbu haikufutwa."

"Mtu huyo alikosea, au alikusudia?"

"Hilo la kwako. Mimi nakwambia tu kwamba kikiwa kwenye programu ya akiba, taa yake haiwaki. Ukikitazama utasema kimekufa." Aligonga meza kwa kidole. "Ili nizisome kumbukumbu zote inatakiwa programu sahihi, toleo la juu. Lakini siipandishi juu ya hiki, hata unipe nini. Nitatafuta bodi pacha kwa wauza spea, niipandishe hiyo toleo, ikitulia ndipo niilishe nakala. Ikifa, imekufa ya sokoni. Nenda kazungukezunguke, rudi alasiri."

Inspekta hakuzungukazunguka. Alikwenda kumwona mke wa dereva.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, karibu na mwisho wa barabara ya vumbi inayochepuka kutoka barabara kuu. Mama Pacha alikuwa barazani anashona sare za shule, kitambaa cha buluu kimemwagika mapajani mwake. Wifi yake, dada wa Kiberenge, alikuwa ameketi kando akitia vifungo. Kila injini kubwa ilipopanda mlima kule chini, mguu wa Mama Pacha uliacha kukanyaga cherehani. Mashine ilinyamaza, kichwa kikainuka. Injini ikipita, mguu ukarudi kazini. Hakuonekana kujua kwamba anafanya hivyo. Wifi alijua, na kila mara alitazama pembeni.

"Karibu, kaka," alisema Mama Pacha. "Mmempata?"

"Tumepata lori. Sehemu yake."

Sindano ilisimama. "Na yeye?"

"Bado, shemeji. Nimekuja kuuliza juu ya kile kisanduku kilichokuwa garini mwake. Aliwahi kukitaja?"

Mama Pacha akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua hata mwenyewe. "Mke mwenza? Nani asiyemjua! Ndivyo alivyomwita. Alikuwa akisema, 'Wewe unanijua nikiwa nyumbani, yule mwenzio ananijua saa zote. Nikikunja kona isiyo ya ratiba, keshapiga simu ofisini.' Walimkata mshahara mara moja kwa kupanda hapa kuwaona wanawe. Tangu siku hiyo hakuthubutu tena. Kila wiki anapita pale chini, afande, pale, unapaona? Na hawezi kupanda."

"Ikawaje?"

"Akawa anapiga honi. Mbili. Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Pacha wakiisikia hata usingizini wanageuka." Alikunjua kitambaa, akakikunja tena. "Akimaliza safari anapewa siku moja ya kulala nyumbani, anarudi barabarani. Mwaka mzima mume wangu nilikuwa nampata kwa kijiko."

"Usiku ule alipopotea, ulisikia honi?"

Wifi yake ndiye aliyesema, macho kwenye kifungo: "Hakupiga. Ndugu yangu ni ndugu yangu, lakini ukweli lazima usemwe. Alipita bila kupiga. Mtu anayekwenda na kurudi anaaga. Asiyerudi ndiye anayepita kimya."

"Hayo mnasema ninyi," Mama Pacha alijibu taratibu. "Mimi nangoja."

"Mwezi wa tisa huu unangoja, wifi."

"Basi nangoja mwezi wa tisa."

Inspekta aliwashukuru, akasimama kidogo ukingoni mwa baraza kutazama barabara kuu. Malori kutoka pale yalionekana madogo kama viatu vya mtoto. Akashuka kwenye gari lake bila kuuliza zaidi.

Karakana aliikuta na harufu ya risasi iliyoyeyuka. Bodi pacha ilikuwa mezani, taa yake ya kijani inapepesa vizuri, na Mama Risasi alikuwa ameikunjia uso kompyuta.

"Toleo limepanda bila taabu," alisema. "Kumbukumbu zimesomeka, kila dakika na mahali. Ila kuna upuuzi. Tazama mwenyewe. Jioni lori linatoka bohari, tarehe ni ya mwaka jana, sawasawa. Linakwenda saa nzima. Halafu hapa, ghafla, tarehe inaruka nyuma. Miaka kumi na tisa na nusu."

"Huyo dereva wakati huo alikuwa anasoma shule."

"Na lori lenyewe lilikuwa bado udongo. Ndiyo maana nakwambia upuuzi." Alijiegemeza, akafumba macho, akayafumbua. Kisha akajipiga paji la uso. "Wee! Mimi leo nimelala macho. Afande, kaa kitako nikueleze. Satelaiti hazikwambii mwaka. Zinakwambia ni wiki ya ngapi. Na hesabu yao ya wiki ni fupi; ikifika elfu moja na ishirini na nne inarudi sifuri, kama ile mita ya gari kuukuu inayofika mwisho ikaanza upya. Programu mpya zinajua hilo, zinajiongezea. Programu ya zamani haijui. Inadhani bado iko kwenye mzunguko uliopita."

"Na hii ilirudi kwenye programu ya zamani..."

"Saa moja baada ya kutoka bohari! Hapo ndipo ile meseji ilipoingia. Hizi si takataka. Ni safari ile ile, usiku ule ule. Ongeza wiki elfu moja na ishirini na nne kwa kila tarehe, tuone."

Alifanya hivyo, na safari yote ikajipanga mstarini kama shanga. Mama Risasi akaimwaga juu ya ramani. Inspekta alivuta kiti karibu. Alisoma kwa kidole, hatua kwa hatua, na pale mstari ulipoacha barabara kuu kwa mara ya kwanza kidole chake kikakaa kwa muda mrefu. Barabara ya vumbi. Kilima. Sasa alijua kwa nini honi haikulia. Alitoa kalamu akapazungushia, akaendelea.

Mstari ulirudi barabara kuu. Mbele kidogo ukaiacha tena, upande wa pili, ukaenda kusimama.

"Hapa ni wapi?" aliuliza Mama Risasi.

"Machimbo ya kokoto. Yamefungwa siku nyingi." Inspekta alikuwa amekwisha kuchukua simu. "Nataka kujua mwenye machimbo ni nani."

Jibu lilikuja kabla hajamaliza kukunja ramani. Machimbo yalikuwa ya kampuni ile ile ya malori.

"Sasa niambie kitu kimoja," alimwambia Mama Risasi. "Kisanduku kikiwa kwenye hali ile, taa imezimika, kilikuwa kinapeleka habari ofisini kwao, au kimenyamaza?"

"Kilipeleka. Hiki hapa kina alama ya kila ujumbe uliotoka. Lakini seva yao ikipata ujumbe wa miaka kumi na tisa iliyopita inaukataa, inautupa jalalani. Mtu wa kawaida hatauona kamwe, mpaka aende kupekua jalala."

Inspekta akavaa kofia yake. "Basi tukamtafute mpekuzi."

Ofisi ya meneja wa magari ilitazama uwanja wa kuegesha, dirisha kubwa, kapeti, birika la chai mezani. Meneja mwenyewe alikuwa mtu nadhifu, mwenye kucheka haraka.

"Karibu, karibu, Afande! Ningekujia mwenyewe. Umekileta?"

"Kiko kwa mtaalamu wetu."

"Ah. Mngetuachia sisi, kazi ya dakika kumi." Alimimina chai. "Mmepata chochote?"

"Kumbukumbu zimo. Ila sijui kama zitatufaa."

"Hazitawafaa, bwana! Utakwenda kwa hakimu gani na tarehe za miaka ishirini nyuma?"

Inspekta alikoroga chai yake. Alikoroga muda mrefu, ingawa hakuwa ametia sukari.

"Tarehe?" aliuliza.

"Si umesema..."

"Nimesema sijui kama zitatufaa. Habari ya tarehe umeipata wapi?"

Meneja alicheka, lakini safari hii kicheko hakikufika mbali. "Vifaa vile vinajulikana, Afande. Vina ugonjwa huo, vyote."

"Vilikuwa nao. Fundi wenu, niliyepita kwake kabla ya kuja hapa, ananiambia vyote mliviwekea programu mpya zamani, kwa agizo lako, na tarehe zikatengemaa. Cha Kiberenge kilikuwa kizima kilipotoka kwenye lango lile." Alionyesha kwa kijiko. "Ugonjwa ulikirudia saa moja baadaye, baada ya mtu kukipelekea programu ya mabasi. Kwa hiyo anayejua kwamba tarehe zilirudi nyuma ni mtu mmoja tu: yule aliyekuwa akisoma ujumbe wake usiku huo. Kwenye jalala la seva."

"Labda fundi..."

"Fundi hana ruhusa ya kuingia huko. Ameniambia mwenye ruhusa ni nani."

Meneja akatazama simu yake iliyokuwa mezani. Inspekta akaifunika kwa kofia.

"Taratibu," alisema. "Askari wangu wako chumba cha seva tangu ulipoanza kunimiminia chai. Huna cha kufuta. Ulitaka kukiua kisanduku, kikakataa kufa. Ukakiona kinaendelea kusema, na kwa miezi minane ukawa ndiye mtu pekee duniani anayejua lori liko wapi. Na bado mkatuambia kavuka mpaka. Nina swali moja tu. Dereva yuko wapi?"

Meneja alilegeza tai. Nje, lori lilikuwa likirudi nyuma uwanjani na mtu akipiga kelele, njoo, njoo, njoo, simama.

"Nilimwambia ashushe mzigo tu machimboni aondoke," alisema hatimaye. "Tungedai bima, yeye tungempa fungu lake. Akakataa. Akashika simu, akasema anawapigia polisi. Mimi sikumgusa, Afande. Ni wale wapakuzi niliowatuma kumngoja."

"Yuko wapi?"

Kiberenge alipatikana machimboni kabla jua halijazama, chini ya kifusi, hatua chache tu kutoka pale kisanduku kiliposema lori lilisimama. Inspekta alisimama hapo hapo mpaka kokoto ya mwisho ilipoondolewa. Kisha akasema habari ile ataipeleka mwenyewe, akaenda. Aliyoyakuta kwenye baraza ile, kilio cha wifi na ukimya wa mwenye mume, hakumsimulia mtu kituoni.

Siku kadhaa baada ya maziko, Mama Pacha akaja kituoni. Alikuwa amevaa nguo nyeusi aliyoishona mwenyewe. Alikaa mbele ya meza ya Inspekta, mkoba mapajani.

"Nasikia mnajua kila alikopita usiku ule," alisema.

"Tunajua."

"Nionyeshe."

Inspekta akatoa ramani, akaikunjua na kuigeuza upande wake. Alianza bohari, akafuata barabara kuu kwa ncha ya kalamu. "Hapa ndipo walipojaribu kukizima kisanduku. Taa ikazimika. Nadhani aliiona, maana mwanga wake ulitokeza mbele ya magoti yake. Akajua hakuna anayemtazama." Kalamu ikasogea. "Na hapa akakunja."

Mama Pacha alitazama mduara wa wino. Aliitambua barabara kabla hajaambiwa. Kidole chake kilitangulia kalamu.

"Alikuja," alisema.

"Alikuja."

"Alifika wapi?"

"Kona iliyo juu kidogo ya nyumba yenu. Alizima injini. Alikaa karibu nusu saa, ndipo akaondoka. Walimpigia simu aende machimboni akiwa amesharudi barabara kuu."

"Hakubisha hodi."

"Sababu yake kisanduku hakiijui, shemeji."

"Mimi naijua. Pacha walikuwa na homa wiki ile. Mchana alinipigia nikamwambia, nikipata kuwalaza leo, hata mbu asilie. Ndiyo maana." Akainamia ramani. "Na hiki kitanzi ni nini? Hapa, juu ya nyumba."

Inspekta alikuwa amekitazama kitanzi kile mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari.

"Kwanza alipita," alisema. "Alipanda mpaka uwanja wa mpira, akageuza lori, akashuka tena, ndipo akasimama."

"Lori lile? Pale uwanjani? Hata gari dogo linahangaika!"

"Lilihangaika. Kisanduku kinaonyesha mbele, nyuma, mbele, nyuma. Lilimchukua muda."

"Kwa nini? Si angesimama tu alipokuwa anakuja?"

"Ukipanda kutoka chini, ukisimama kwenye kona ile, nyumba yenu inabaki nyuma ya tela. Kwenye kioo huioni. Ili dereva aitazame nyumba, ilibidi kichwa cha lori kitazame kule."

Mama Pacha akaanza kutikisika mabega, na Inspekta hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka alipoinua uso, akaona ni vyote viwili.

"Nilimsikia," alisema. "Nilikuwa macho, nashona kazi za watu, nimeweka mashine pale dirishani. Nikasikia lori linahangaika uwanjani, linakwenda linarudi, linakwenda linarudi. Nikasema, masikini, dereva wa watu kapotea njia usiku huu. Nikamhurumia kweli. Sikuinua hata macho nitazame nje, na pazia lilikuwa wazi."

"Pazia lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi, na taa nimewasha ili nione uzi." Alijipangusa mashavu kwa kiganja, akakiweka kidole chake juu ya kona ile, pale mstari ulipogeuka ukatulia. "Nusu saa, umesema."

"Karibu nusu saa."

"Basi aliniona."

Inspekta akaiachia ramani mezani. Mama Pacha alikaa nayo, kidole mahali pale pale, na mlangoni askari aliyekuja kuita mtu mwingine akarudi nyuma kimya kimya, akaurudishia mlango.